Ukurasa wa Kumi na Saba

Daftari langu la madeni lina watu wa Kurasini:
madereva wa malori, makuli, mafundi wa matairi,
na askari mmoja nisiyemtaja, anajijua.
Ukurasa wa kumi na saba niliandika "Meli",
maana majina yao yalinishinda siku ya kwanza.

Walikuja wawili, wana kibali cha saa nne,
viatu vya kazi vimefungwa kwa waya.
Hawakuomba. Walinunua chai moja, wakataka vikombe viwili.
Nimeuza chakula miaka kumi na tisa:
njaa inayoomba naijua,
inayojikaza naijua zaidi.
Nikapakua ubwabwa, maharage, kipande cha nguru.
Yule mkubwa, Rodelio, akagonga ubao kwa kidole: mesa.
Meza, nikasema.
Tukatazamana kama ndugu wa baba mmoja
waliokutana ukubwani.
Alipokwenda kunawa: sabon.
Sabuni, baba, iko hapo kwenye kopo.

Miezi minane hawajalipwa. Mwenye meli hapokei simu.
Nahodha alishuka kung'oa jino,
jino likamfikisha kwao.
Wamebaki tisa na mchele wenye fukusi,
maji ya mvua waliyoyakinga kwa turubai,
jenereta kimya,
na huko Iloilo mke anauza cherehani.

Na bendera yenu ya wapi?
Bandera, akasema, akacheka kwa mara ya kwanza.
Ya nchi ambayo hakuna kati yao aliyeiona
hata kwenye kalenda.
Bendera hufuata upepo, tumeambiwa tangu utotoni.
Hii ilimfuata mkwepa kodi.

Nisijisifu, sikuwa peke yangu.
Merlinda, mhasibu wa Mikocheni, Mfilipino,
alichangisha wenzake, akaja na tambi na dawa za vidonda.
Msikiti wa mtaani ukatoa unga.
Makuli walitoa mia tano, mia tano,
na mmoja, hana hela, akaleta betri ya gari.
Mimi nilidhani msaada ni sufuria.
Merlinda akaniambia: sufuria leo, mama. Kesho karatasi.

Karatasi!
Mabenchi ya ofisi nimeyajua kwa makalio:
lile la bandari limepinda,
la uhamiaji lina msumari.
"Wewe mama unahusika vipi na hawa?"
aliniuliza karani, hata hakuinua macho.
Nikafungua daftari, nikamsogezea.
Ni wadaiwa wangu, nikasema.
Nawadai sahani mia tatu na kumi na mbili.
Wakifia mle ndani, utanilipa wewe?
Alicheka. Lakini mhuri aligonga.

Hati ikatoka: wanane waende kwao, mmoja abaki,
sheria haitaki meli isiyo na mtu.
Na Rodelio ndiye aliyetia saini kila kitu
tangu nahodha aondoke na jino lake.
Kalamu ile ilikuwa kamba.

Basi kaka yangu Mbaraka, kuli mstaafu, mgongo mbovu,
akasema huku anachokonoa meno:
"Si wanataka mtu? Niandikeni mimi."
Wiki sita wakubwa walibishana
kama Mbaraka ni mtu wa kutosha.

Uwanja wa ndege Rodelio aliniuliza deni lake.
Nikamwambia bado napiga hesabu.
Sijamaliza mpaka leo.
Mishahara yao nayo haijatoka,
kesi imeahirishwa tena,
Merlinda kaniambia nivae viatu vya kukalia.

Jana Mbaraka kapiga simu, analalamika:
panya, kutu, tambi alizoachiwa hazina nazi.
Na bendera, anasema, imechanika yote, imebaki kamba.
Kwa hiyo kafua msuli wake, ule wa kijani,
kauanika mlingotini,
na asubuhi rubani wa bandari kauliza kwenye redio
meli hiyo ni ya nchi gani.