Mgeni wa Saa Saba Usiku

Halifax imelala, mvua haijalala.
Nimefunga duka, nimehesabu kazi:
visigino jozi tisa, funguo kumi na nne,
mkoba wa shule uliokatika mkanda.
Sasa niko jikoni, soksi mbili mbili miguuni,
naandika jina lako.

Glenys Thackray, Viatu na Funguo,
mkabala na benki iliyofungwa.
Sikujui. Nakujua.
Najua unafungua saa tatu kasorobo,
robo saa kabla yangu, na robo hiyo
imenilia wateja wote wa treni ya asubuhi.
Najua soli nzima kwako ni pauni thelathini na nane.
Yangu ilikuwa arobaini. Nikaifanya thelathini na saba na nusu.
Kesho yake ukaandika thelathini na saba.
Nikasema, sadfa tu.
Nikashusha. Ukashusha.
Tukawa kama watu wawili ngazini, gizani,
kila mmoja akisimama
amsikiapo mwenziwe kasimama.

Nimesoma nyota zako zote, mia na kumi na saba.
Mbaya ni tatu. Hizo nimezikariri,
Mola anisamehe, nikazitia daftarini
chini ya neno nililolipigia mstari: Udhaifu.
Mmoja anasema ufunguo haukuingia.
Mmoja, gundi inanuka.
Wa tatu, mwezi wa Machi: nimekuja mara mbili, mlango umefungwa.
Nawe ukamjibu, herufi ndogo, bila nukta:
*samahani nilikuwa hospitali na ken
viatu vyako viko tayari sitakutoza*

Nikakaa na maneno hayo
hata chai ikaota ngozi.
Nikaukata Udhaifu kwa kalamu,
nikakosa neno la kuweka badala yake.
Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, tulifundishwa.
Hatukufundishwa la kufanya
ukimwona analia kwenye kiti cha kinyozi.

Jumapili akaja Shemsa, mpwa wangu,
yeye ndiye aliyenitengenezea tovuti.
Akanifungulia jedwali la wageni.
"Tazama, Mjomba Mbarouk, watu wanakuja!"
Wanakuja kweli. Jumatatu wanne. Jumanne wawili.
"Lakini huyu mmoja hakosi.
Saa saba usiku, yuko hapa hapa Halifax.
Anaingia kwenye bei, anakaa dakika tatu,
anapitia nyota zako, kisha
anakwenda kwenye picha yako na nyundo,
anakaa hapo kidogo, anatoka.
Una mteja mwaminifu!"
Akacheka. Mimi sikucheka.

Kumbe tumekuwa tukipishana,
mimi kwako saa sita, wewe kwangu saa saba,
kila mtu akidhani pazia limetikiswa na upepo.
Hakuna aliyewahi kunisoma hivyo, hata ndugu zangu.
Siku niliyopandisha bei ya zipu, uliiona.
Yule bibi harusi niliyemchania kiatu, ulimwona,
na jibu langu chini yake: *Ni kweli. Kosa ni langu.*

Basi nikaanza kukuandikia humo humo.
Si barua, bei tu.
Soli nikairudisha arobaini, nikangoja.
Siku ya pili, kwako: arobaini.
Nadhani usiku ule
kuna watu wawili mjini hapa walioshusha pumzi.

Wiki hii jedwali ni tupu.
Saa saba, hakuna.
Saa nane, mtu wa Toronto, kapotea njia.
Nimekwenda kwako. Saa za kazi ni zile zile,
picha ile ile, taa imewashwa dirishani,
lakini picha ni picha, haizimwi taa.

Nilidhani mshindani akitoweka
mtu hulala vizuri.

Kesho sifungui. Nitateremka huko saa tatu kasorobo
na kiatu changu cha kushoto mkononi,
nikiweke kaunta kama mteja yeyote,
nitazame ni nani atakayekishika.
Ila kiatu chenyewe kizima.
Nimekishona mwenyewe, na nilikishona vizuri.
Itabidi kwanza niking'oe kisigino.