Suali la Saba

Kaja binti wa chuo, karatasi kazikumbatia kifuani,
kakaa juu ya gunia la unga, hakujali vumbi,
kauliza la kwanza mpaka la sita, nikajibu:
umri, skuli, watoto, miaka ya kazi.
La saba likasema: "Kwa moja hadi tano,
unaridhika kiasi gani na kazi yako?"
Na chini yake, mstari mtupu:
"Jina la msimamizi wako."

Mwanangu, hapa Limbani hatunaye.

Tulikuwa naye. Bwana Sleyum, Mungu amrehemu,
alikuwa na kengele ya baiskeli kaipigilia mezani.
Kri-kri: hamira. Kri-kri: unga.
Kri-kri: nani kacheka?
Boflo zikiungua, hukatwa mshahara wa mtu,
na mtu mwenyewe hajijui mpaka mwisho wa mwezi.

Alipokufa, wanawe wakatuma neno kutoka Maskati:
uzeni mashine, tugawane.
Shaame akasema, tununue sisi.
Tulikuwa sita, na baina yetu pesa ya magunia mawili.
Miaka mitatu tumelipa kwa mikate.

Sasa nani anafungua mlango saa tisa za usiku?
Wiki ya mwanzo tulikuja wote sita,
kila mmoja anaogopa kuwa wa mwisho.
Wiki ya pili hakuja mtu,
na Wete nzima ikanywa chai kavu.
Ndipo Mize akaleta chaki,
akaandika ukutani majina na siku,
na jina halifutwi mpaka tuulizane.

Bei tunapanga tukikanda.
Mikono ikiwa ndani ya unga
hapana wa kunyoosha kidole.
Faki akitaka ruhusa hutuambia sote,
na hilo, wallahi, ni gumu kuliko kumwambia mmoja:
mmoja utamdanganya kuwa bibi yako kafa;
watano, bibi yako wamemuona asubuhi.

Usiku wa ishirini na saba, Ramadhani ya mwaka juzi,
sinia kumi na nne ziliungua.
Mie ndiye niliyesinzia.
Nikaingoja kri-kri.
Kengele ipo pale pale, imeota kutu.
Raya kachukua kisu, kakaa chini,
akaanza kukwangua weusi.
Akakaa Mize. Akakaa Shaame.
Hapana aliyenitazama.
Nilitamani kutukanwa, binti.
Tusi lina mwisho wake; kimya kile nilirudi nacho nyumbani,
kikalala baina yangu na mke wangu.
Tangu hapo sijasinzia.
Sijui kama karatasi yako hilo inaliita kuridhika.

Zipo siku, naam. Donge linakuitikia chini ya kiganja,
Raya anacheka kwa sauti, hata hatujui anacheka nini,
na mtu hageuki kuangalia meza.

Lakini Kombo kaondoka.
Fundi wa tanuri yule, makumbi yakimtii.
Alikuwa haendi kwao.
Zamu ikiisha anatafuta pa kufagia,
anasugua sinia iliyokwisha kung'ara.
Akasema: "Nataka mtu wa kunambia,
basi Kombo, nenda kalale."
Tukamwambia, sote kwa pamoja: nenda kalale.
Akasema: "Nyie hamnitoshi. Nyie ni mie."
Yuko Chake sasa, duka la vyuma, bosi wake mkali.
Juzi nimemuona. Kanenepa.

Kwenye mstari wa msimamizi
Raya kachungulia begani kwangu, kasema:
"Andika hamira. Nani mwengine anatukimbiza?"
Nimeandika.

Na suali la saba nimezungushia nne.
Hiyo moja usiniulize.
Aproni ya Kombo ingali msumarini,
na pale ukutani, Jumanne,
jina lake limo.
Hatujaulizana bado.