Boti Haikugawanyika

Hakimu alitugawia kila kitu:
nyumba kwangu, gari la mizigo kwake,
mbwa kwangu, deni la jiko nusu kwa nusu.
Boti haikugawanyika.
Delmar alisema tuikate kwa msumeno,
nikasema nusu yenye injini ni yangu,
karani wa mahakama akacheka, kisha akaomba radhi.

Ndiyo maana Jumamosi hii ya mwezi wa pili
tumo humu, yeye omo, mimi tezi,
ngamani kopo la chambo na viatu vyetu vya mpira.
Arkansas, hori ya Tackett.
Mierezi imevaa barafu hadi vidoleni,
kipimajoto kinasoma nyuzi tano,
na hakuna mwendawazimu mwingine ziwani.

Besi wa domo pana, kiangazi, ni jambazi:
hurukia chura, huvamia hata kivuli,
akipanua kinywa ngumi inaingia.
Baridi humfanya mtu mwingine.
Amelala mita nane chini, ubavuni mwa mwamba,
damu nzito kama asali iliyoganda,
hafukuzi kitu. Dagaa akimpita puani
humtazama kama barua ya benki.

Kwa hiyo tunavua polepole.
Polepole, halafu punguza tena.
Kipande cha risasi kilichovikwa manyoya ya kahawia
kinagusa jiwe, kinalala.
Hesabu hadi ishirini. Kisogeze upana wa kidole.
Hesabu. Waliosema mvumilivu hula mbivu
hawakuvua hapa; hapa mvumilivu
hula makamasi yake mwenyewe.

Pete za ufito zinaziba barafu.
Nauzamisha majini, nautoa, mshipi unapita tena.
Delmar anamimina kahawa, ananipa kikombe
bila kugeuka, sukari mbili,
hajauliza.
Miaka thelathini na mmoja tulikuwa watu wa kiangazi:
neno likitupwa, mwenzio kalirukia,
milango, sahani, simu kwa dada yake usiku wa manane.
Hakuna aliyewahi kuhesabu hadi ishirini.

"Goti?" nauliza.
Risasi inalala juu ya jiwe.
"Watalipasua Machi."
Nasogeza kidole kimoja.
"Nani atakupeleka?"
Kunguru anavuka hori nzima
kabla hajajibu,
na hajajibu.

Samaki wa baridi akiuma
usingoje mshtuko. Hakuna mshtuko.
Ni uzito tu, kama jani bichi
limeegemea uzi, kama mtu
ameketi gizani upande wa pili wa kitanda.
Unajua yupo. Basi.

Nikavuta.
Akaja bila ugomvi, mzito, kijani cha chupa,
mstari mweusi ubavuni kama alama ya tairi,
tumbo limejaa mayai ya majira yajayo.
Nilimshika domo kwa kidole gumba, mkono mtupu,
ubaridi wake ukanipanda hadi kiwikoni.
"Ratili sita," Delmar akasema.
"Tano."
"Sita, Orlene."
Nikamwacha aseme sita.

Nikamshusha majini. Alikaa kidogo kiganjani,
akipumua, kana kwamba ana la kusema,
kisha hakuwepo.

"Machi tarehe ngapi?"
Delmar akatupa chambo chake kando ya mwamba,
akakiacha kizame hadi chini kabisa
ndipo akaitaja.