Na Wenzake

Mswada umerudi mara ya tatu.
Mhariri kaandika pembeni, kwa wekundu:
majina ya majarida yawe mlazo; koma, si nukta;
waandishi wakizidi watatu, abaki wa kwanza.

Hapa Isyonje ukungu umefika kwenye kitasa cha mlango.
Umeme ulikatika saa kumi,
betri ina asilimia kumi na tisa,
nami napanga marejeleo kwa alfabeti,
jina la ukoo mbele, kama mwalimu aitaye mahudhurio:
Mwaijande, Mwakatundu, Mwakibinga, Mwasomola —
nusu ya Rungwe imesongamana kwenye M,
nahesabu herufi ya tano, ya sita,
nijue nani ampishe nani.

Nikafika kwenye ile ya mnyauko wa viazi, 1998.
Wanne. Watatu wa chuo,
wa nne Mwalwisi, A.,
msaidizi wa shambani, aliyeshika koleo na daftari
misimu mitatu ya mvua,
akarudi nyumbani na matope hadi kwenye kofia
na nakala moja, kaifunga kwa mfuko wa mbolea.
Alikuwa akinionyesha jina lake kwa kidole.
Baba.

Nafuta. Herufi nane, koma, A.
Amri ni amri, na jarida lina mlango mmoja.
Naandika: n.w.

Nukta mbili, ndogo.
Alinifundisha kukata mbegu: penye jicho
acha nyama kidogo, hata kama kipande
hakijai kiganja. Kitaota.

Betri, asilimia nne.
Nahifadhi.