Sifuri Nukta Sifuri

Kila siku saa tatu kamili asubuhi
nachungulia kopo la shaba nyuma ya shule, hapa Hombolo,
ndani ya uzio wa waya ambao mbuzi wa Chilewa
wameshauinamisha upande mmoja.
Natoa chupa, naiinua usawa wa jicho,
naandika daftarini: 0.0.
Miaka kumi na tisa.
Kalamu ngapi zimeishia kwenye sifuri.

Watu wanadhani najua.
Mnadani Msalato, moshi wa nyama machoni,
mtu atanivuta mkono wa shati:
"Mwalimu, itanyesha lini?"
Zamani nilijibu. Nilikuwa kijana, nina cheti.
Nikasema tarehe kumi na mbili Desemba,
nikaitaja kama mtu anayetaja siku aliyozaliwa.
Ndahani akauza kondoo wawili, akanunua mbegu,
akapanda shamba lote tarehe kumi.
Kumi na mbili, jua. Kumi na tatu, vumbi.
Sisimizi wakabeba, kwale wakafukua.
Ndahani hakunilaumu hata neno.
Alipita akanisalimu, "Mbukwa,"
nami nikaitikia nikitazama viatu vyangu.

Mwaka juzi korongo lilishuka na maji hadi kifuani
asubuhi ileile niliyoandika sifuri.
Mvua ilinyesha kwingine, kwa watu nisiowafahamu,
ikatufikia ikiwa imeshakuwa mto.
Daftari halina safu ya jambo kama hilo.

Jirani yangu Nyemo hajui kusoma.
Uwele wake huupanda kwa mafungu:
kipande kikavu, kabla ya wingu lolote;
kipande ardhi ikishalowa kidogo;
na mbegu zilizobaki huzifunga kwenye kitambaa cha kanga kuukuu,
akakitundika juu ya mafiga, moshi uzilinde.
Siku moja nikamuuliza, ulijuaje?
Akacheka mpaka akaweka ungo chini.
"Ningejua," akasema, "ningepanda mara moja."

Usiku ule sikulala vizuri.
Nilimsikia akitwanga, kisha akiimba kidogo, kisha kimya,
kimya cha mtu aliyeshiba mlenda na hadai kitu kwa anga.

Siku hizi nasema, sijui.
Ni neno fupi, lakini lilinichukua miaka
kulitamka bila kukohoa kwanza.
Wengine huniangalia kama nimewanyima.
Chilewa alisema serikali inanilipa bure.
Labda. Hata hilo sina hakika nalo.

Leo nimeandika 0.0.
Nimefuta vumbi kwenye mdomo wa kopo,
nikaacha wazi, kama inavyotakiwa.
Halafu nimechukua jembe.
Kipande cha kwanza, kikavu,
udongo unavunjika kama kiporo cha ugali kilichokauka sufuriani.
Mbegu kidogo, kwa ncha za vidole.
Nafukia kwa kisigino.
Sitazami juu.