Jora la Hariri, Debe la Uwele

Wanaume wako sebuleni wanahesabu ng'ombe wasiokuwepo.
Siku hizi kila ng'ombe ni tarakimu kwenye karatasi,
na shangazi yako wa Chilonwa anapitisha soda.
Mimi niko jikoni na mlenda wangu unaovutika,
na wewe, Mwaja, umekalia debe lililopinduliwa,
unanisomea Uchina.

Mwaka wa tatu chuoni, kule kilimani,
unajifunza maandishi yanayofanana na nyayo za kuku kwenye majivu.
Mama, unasema, sikia hii.

Enzi za Han, mfalme akishindwa vita
alituma binti.
Alimpandisha gari la farasi na majora ya hariri,
wapiga vinanda, wajakazi,
mwendo wa miezi kuelekea machweo,
hadi nyika ambako watu hulala kwenye mahema ya sufu
na kunywa maziwa yaliyoganda.

Maziwa ya mgando yana ubaya gani? nikauliza.
Ukacheka. Ukasema, yeye alilia.

Mume alikuwa mzee. Lugha hawakuwa nayo.
Walikula pamoja mara moja au mbili kwa mwaka,
wakitazamana kama abiria wa treni mbili tofauti.
Mzee alipokufa, mjukuu wake akamrithi mjane.
Binti akaandika kwao: nirudisheni.
Jibu lilifika nyasi zikiwa zimekauka na kuota tena:
*Fuata mila ya huko. Watu hao tunawahitaji.*

Nikapunguza moto.

Ukanipa na wale wa enzi za mwisho,
walioolewa mtaa wa pili tu,
mume kawekwa nyumba ya nje, funguo anazo yaya.
Binti wa mfalme akimtamani mumewe
sharti amlainishe yaya kwa fedha!
Tulicheka mpaka shangazi akachungulia mlangoni:
Anayetolewa mahari hacheki hivyo.

Lakini kuna hili, ulilisoma harakaharaka,
ukitaka kufungua ukurasa mwingine, nikakushika mkono.
Kwamba wengi wa waliotumwa hawakuwa mabinti wa mfalme.
Alitafutwa mtoto wa ndugu, yatima wa ukoo,
hata kijakazi.
Asubuhi alivikwa cheo,
jioni yuko garini.
Yule wa kuzaliwa alibaki ndani, akichezea samaki wa bwawani.

Mwaja, bibi yangu Nhonya alikuwa mtoto wa kaka.

Mwaka wa Mtunya, vita vya wazungu vilipokwisha kukomba
ng'ombe na ghala, watu wakachemsha ngozi za kulalia.
Baba yake mdogo alikuwa na mabinti wanne.
Akamshika mkono yeye, wa tano,
wakatembea hadi Irangi kwenye nyumba yenye nafaka,
akasema: huyu ni binti yangu.
Neno hilo alilipata siku ile,
mara ya kwanza na ya mwisho.
Madebe mawili ya uwele. Moja lilikuwa na tundu.
Alisema aliliona likidondoka punje njia nzima
mgongoni mwa yule mtu akienda zake,
na kuku wa watu wakimfuata.

Hakuandika barua. Angemwandikia nani?
Kirangi alijifunza kwa kusikiliza mbuzi wakiitwa.

Sasa wanakuita sebuleni.
Watakuuliza kama wageni hawa unawafahamu.
Jibu utakalo, mwanangu, kijana mwenyewe si mbaya,
anajua hata kupogoa mizabibu ya baba yako.
Ila kabla hujaingia, nionyeshe:
wao *kurudi* wanaliandikaje?

Ukachora kwa kidole kwenye unga, pale mezani.
Mraba. Ndani yake mraba mdogo.

Basi hilo ni tembe, nikasema.
Nyumba kuzunguka zizi.

Ukajifuta kidole kwenye khanga yangu, ukaenda.
Ugali nimesonga kwa unga mwingine.