Mgeni wa Siku Ishirini na Nane

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
lakini huyu tuliambiwa tusimguse.
Alale benki pale Mbale siku ishirini na nane,
asipungue, asikohoe, asigeuke ubavu,
ndipo Uingereza iamini
kwamba mimi na wanangu hatutaomba chakula njiani.

Tulimkusanya kipande kipande.
Kichwa kilitoka kwa shemeji Agevi wa Eldoret.
Kifua kilikuwa ng'ombe, yule mwekundu wa pembe moja.
Miguu, chama cha mke wangu.
Na vidole, tuseme, ni kokoto:
lori tisa nilizopasua mwenyewe
kwenye jabali la nyuma ya nyumba,
jabali ambalo babu alilikuta, akalizunguka, akalima pembeni.

(Vidole vyangu mwenyewe nilishaviacha humo.
Kisumu, tulipoenda kuomba pasipoti,
mashine ilivikataa mara tatu.
Binti wa dirishani akanipa mafuta ya mgando:
"Paka, baba. Labda kuna mtu chini ya vumbi.")

Kavulani alitangulia Novemba. Ni nesi.
Hupiga simu ugali ukiwa unageuzwa;
huko kwake, asema, saa kumi za jioni ni usiku.
"Yupo?"
"Yupo."
"Hajaguswa?"
"Amelala."
Ndipo anauliza watoto.

Kageha huandika siku kwa chaki mlangoni.
Siku ya tano. Ya sita. Ya tisa, paa la jiko likafunuka,
tukapikia sebuleni, tukalia kwa moshi.
Ya kumi na moja, wakaja wa kamati ya mazishi ya mzee Keverenge.
Kila boma mia tano.
Nikatoa mia mbili.
Waliitazama ile noti, wakautazama mlango wenye chaki,
wakaandika jina langu kwa mwandiko mdogo.
Hakuna siri Maragoli. Karani wa benki ni binamu wa mtu.

Ya kumi na nane Adema akashikwa na homa.
Nikambeba mgongoni hadi zahanati, Chavakali,
joto lake likipenya shati langu kama pasi,
nikaweka rehani nyundo kubwa,
hali jina langu, kilomita chache kutoka pale,
lilikuwa na pesa za kununua kitanda kile na daktari wake.
"Si ninyi mnaohamia Ulaya?" daktari akauliza.
Nikamwambia, bado tuko hapa.

Ishirini na tatu. Ishirini na nne.
Nilianza kunyata hata shambani,
kana kwamba mlango ukigongwa kwa nguvu
kitu Mbale kitashtuka.

Asubuhi ya ishirini na sita, arafa:
makato ya kutunza akaunti, shilingi sabini.
Sabini!
Bei ya mkate.
Tulikuwa tumemlaza kwa hesabu kamili,
hatukumwekea hata mto.
Shilingi sabini chini ya mstari,
na siku zote ishirini na sita zikamwagika
kama maji ya mtungi uliopasuka mlimani.

Nilimpigia Kavulani. Alikuwa ametoka zamu.
Akanyamaza muda ambao vocha yangu iliuhesabu.
Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kanisani
cha kuziba mdomo kwa leso,
nami nikakisikiliza hadi kikageuka.
"Mwekee mto," akasema. "Uanze tena."

Kageha alifuta kwa mkono wa sweta.
Chaki haikutoka yote; ule mti ni mkongwe, umeinywa.
Juu ya kivuli cha ishirini na sita
akaandika moja,
akarudi nyuma kuiangalia kama imesimama wima.

Nikavaa viatu kwenda Chavakali
kumwomba daktari nyundo yangu kwa mkopo.
Jabali lipo. Halijapungua sana.